Ngazi za Basi la Kigali

Watu wa Petite Barrière walimjua Edmond kwa sauti kabla hawajamwona. Asubuhi, pale umati unapobanana mpakani, kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, akina mama na mabeseni kichwani, wachuuzi na magunia mgongoni, ungesikia sauti nzito ikitokea nyuma: "Njia! Njia, watu wa Mungu! Chuma haina macho!" Watu wanagawanyika, huyu kushoto huyu kulia, na trisikle ya Edmond inapita. Ni ile kinga kubwa, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mtu huiendesha kwa mikono, na mara nyingi ilikuwa imepakiwa unga hadi mwenyewe haonekani. Unaona kofia tu ikisogea juu ya mzigo.

Polio ilimkamata angali mtoto huko milima ya Masisi, ikamkausha miguu yote miwili. Kile alichonyang'anywa miguuni alikitafuta mikononi. Mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa kanisa, na viganja vyake vilikuwa vigumu hata mkewe Rosine alizoea kumtania kwamba akimpapasa mtoto anamkwaruza. Kwa mikono hiyo alijenga nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano kule mtaa wa Mapendo, akamsomesha binti yao Héritière, na hakuna aliyewahi kumwona akinyoosha kiganja kuomba.

Rosine mwenyewe, mwanamke wa Butembo, alikuwa anauza sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga kando ya barabara. Walikuwa wameoana zamani, lakini bado kulikuwa na asubuhi ambazo alimwona akikata umati kwa chuma chake, akabaki ametazama mpaka sambaza zikaungua.

Siku moja Rosine alivuka kwenda Gisenyi kununua mafuta ya kupikia, akamkuta mumewe amepumzika mahali wanapopakulia mizigo, pamoja na rafiki yake Mbarushimana. Huyu Mbarushimana alikuwa Mnyarwanda wa Gisenyi, naye ni mtu wa trisikle. Walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Basi la Kigali likapita mbele yao, likapanda kilima, likapinda kona, likapotea. Edmond akalifuata kwa macho mpaka mwisho, hindi likiwa limesimama karibu na mdomo.

"Unatazama nini, Papa Héri?" Rosine akamuuliza.

"Ile kona," akajibu. "Tangu nianze hii kazi naona mabasi yanapinda pale. Nyuma yake sijui kuna nini. Mulima ni mukali, trisikle haiwezi kupanda. Lakini siku moja nitapita pale, nifike Kigali, nione na miye."

Alisema hivyo kama mtu anayesema leo kutakuwa na mvua. Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akashika chuma chake, akarudi kazini. Mbarushimana akacheka kidogo na kumfuata. Hakuna aliyelishika neno lile isipokuwa Rosine. Alirudi nalo Goma pamoja na kidumu cha mafuta, akalala nalo, akaamka nalo. Aliwaza: mwanaume huyu amevuka mpaka kila siku ya Mungu, mvua na jua, na nchi ya pili haijui zaidi ya pale inapoanzia.

Akaamua kumpeleka. Waende asubuhi, warudi jioni kabla mpaka haujafungwa. Na akaamua asimwambie mpaka kila kitu kiwe tayari, apate kumwona uso.

Kwanza alimwendea jirani yake Katungu, mjane aliyeleta maharagi kutoka Butembo kwa minibasi yake mwenyewe, na ambaye Kigali alikuwa anaijua kama anavyojua jikoni kwake.

"Eh, Mama Héri!" Katungu akasema, akakaa vizuri kitini, maana habari za safari zilikuwa chakula chake. "Ule muji ni safi mpaka unaona haya kukohoa. Sikia. Sachet ya plastiki usibebe hata moja, wataichukua ku mpaka, nguo zako utazibeba mukononi kama mutu aliyefukuzwa na bwana. Ukipanda moto, zile pikipiki za abiria, unavaa kofia ya chuma, weye na dereva. Barabara unavuka pale palipochorwa, si fasi moyo unakutuma. Na urudi mapema. Tangu ndege ziache kutua hapa, nusu ya Goma inapitia kule, mabasi yanajaa."

"Na mutu kama Papa Héri, atatembea namna gani?"

Hilo Katungu hakuwahi kulifikiri. "Kigali ni milima, mama," akasema polepole. "Ni milima tupu."

Rosine hakukata tamaa. Alivuka kwenda kwenye kituo cha mabasi cha Gisenyi, akamuuliza mkata tiketi kama trisikle inaweza kupakiwa. Kijana yule akatoka nje, akaitazama trisikle moja iliyokuwa inapita na magunia yake, akamgeukia kwa huruma: "Mama, hiyo ni gari. Gari haipandi ndani ya gari." Basi akamtafuta Mbarushimana, akamfunulia siri yake yote.

Mbarushimana alifurahi hata akapiga kengele ya trisikle yake. "Niko na kaka yangu mukubwa kule, anaitwa Sibomana. Kazi yake ni kutengeneza trisikle, nyepesi, za kutembelea, si za mizigo. Atatupatia moja kwa siku hiyo, na atawapokea. Shida haiko Kigali, dada. Shida ni Edmond. Umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie mapema. Ule mutu unamujua."

Rosine akaitikia, lakini hakumwambia. Utamu wa kupanga ulikuwa umemshika. Akiwa anageuza sambaza kwenye mafuta, akili yake ilikuwa barabarani. Akauliza basi linasimama wapi njiani, na kama hapo choo kina mlango mpana. Akauliza kiti gani kina nafasi ya kunyoosha miguu. Akashona mto wa kukalia kwa kitenge cha zamani, akauficha chini ya kitanda. Kila kitu alikipanga kwa ajili ya Edmond, na Edmond hakumuuliza hata kitu kimoja.

Siri ilitoboka kwa mdomo wa Mbarushimana huyo huyo. Walikutana katikati ya mpaka, trisikle kwa trisikle, mmoja anakwenda na mwingine anarudi, na kwa furaha yake akapaza sauti: "Edmond! Sibomana anaomba kipimo cha mikono yako!"

"Sibomana gani?"

"Wa Kigali! Kwa ile safari yenu!"

Alipoona uso wa mwenzake ndipo alipojua amekosea, lakini umati ulikuwa umeshawasukuma kila mmoja upande wake.

Jioni, baada ya kumtafuta Mbarushimana na kumtoa habari zote, Edmond aliingia nyumbani bila kuimba, na yeye huimba kila akifika. Akashuka, akajikokota kwa mikono mpaka kwenye kigoda chake, akakaa. Rosine alikuwa anasonga foufou. Aliusoma ule ukimya, akaujua.

"Mama Héri," Edmond akasema. "Miye ni gunia?"

"Gunia namna gani?"

"Gunia ndilo linapangwa. Watu wanaulizana nani atalipakia, nani atalipokea, litakaa fasi gani. Lenyewe haliulizwe. Maisha yangu yote nabeba mizigo ya watu. Leo bibi yangu amenifanya muzigo."

"Nilitaka ufurahi tu."

"Najua. Lakini Mbarushimana anajua, kaka yake anajua, Katungu anajua, mkata tiketi anajua. Miye mwenye mwili sijui. Sasa furaha hiyo ni ya nani?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Rosine alimwekea chakula, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe karibu na mlango. Mwanzoni alisikia hasira: amehangaika vile, na shukrani ndiyo hii. Baadaye hasira ikapoa na kitu kingine kikakaa mahali pake. Alikumbuka jinsi Edmond anavyogeuka na kuwaka pale mpita njia anapoanza kumsukuma kwa nyuma bila kumsalimu, mtu mwema kabisa, anayedhani anasaidia. Yeye Rosine alikuwa amemsukuma vivyo hivyo. Wiki nzima.

Siku zilizofuata walisema yale ya lazima tu: chumvi iko wapi, Héritière amerudi. Mto wa kitenge ulibaki chini ya kitanda. Rosine akajiambia habari za Kigali zimekwisha.

Lakini Edmond alikuwa mtu wa kutafuna neno mpaka mfupa. Jumapili, baada ya misa, wakiwa wamekaa mezani, aliweka kijiko chini.

"Ngazi za lile basi ziko juu namna gani?"

Rosine akainua macho. "Ngazi?"

"Za kupandia."

"Sijui."

"Haya," Edmond akasema, na kona ya mdomo wake ikaanza kucheza. "Umepanga choo. Umepanga kiti. Umepanga mpaka fasi ya kusimama njiani. Ukasahau ngazi. Mama Héri, mutu wa namna yangu, safari yake inaanzia ku ngazi."

Héritière ndiye aliyecheka kwanza, halafu mama yake, halafu wote. Edmond akavuta kiti karibu. "Tupange tena mwanzo," akasema. "Lakini sasa tuko wawili."

Wakapanga wawili, na mpango ukawa mwingine kabisa. Mambo ambayo Rosine aliyaona makubwa, Edmond aliyafuta kwa mkono: choo hakikumsumbua, mto hakuutaka, ingawa alipouona umeshonwa vizuri aliukubali. Na mambo ambayo Rosine hakuyaota hata mara moja, kwa Edmond ndiyo yalikuwa safari yenyewe. Nani atashika mkoba wake wakati anapanda, ili mikono yake yote miwili iwe huru. Suruali gani ni nzito ya kutosha kuburuzwa juu ya chuma. Na ngazi.

Kwa ajili ya ngazi walikwenda kwa Katungu, kwa sababu minibasi yake ilikuwa inalala uani. Edmond akashuka kwenye trisikle, akajikokota juu ya yale mawe mpaka mlangoni, akashika fremu kwa mkono mmoja, akajivuta. Mwili ulipanda nusu, mkono ukateleza, akaanguka kwa ubavu, shati likapasuka begani.

Rosine alikuwa ameshapiga hatua. Akajizuia. Akakunja mikono kifuani kuibana isiende.

"Bwana Edmond!" Katungu akalia. "Acha niite vijana wakubebe! Ni dakika moja tu!"

"Mama Katungu," Edmond akasema kutoka chini, akipangusa vumbi, "hiyo dakika ni yangu."

Akajaribu tena, akaanguka tena. Akakaa chini akaitazama ile ngazi kama fundi anavyotazama ubao uliogoma. Halafu akageuka, akaupa mlango mgongo. Akaweka viganja nyuma yake juu ya ngazi ya kwanza, akasukuma, na mwili mzima ukainuka ukakaa juu ya ngazi, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha siku zote. Akavuta miguu kwa mkono. Viganja nyuma tena, ngazi ya pili. Akaingia ndani ya gari akiwa anatazama nje, anawatazama wote.

"Kinyumenyume," akasema. "Kumbe njia ni hiyo. Na ni nzuri zaidi, naona nani ananicheka."

Hakuna aliyekuwa anacheka. Katungu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Rosine alisimama pale akimwangalia mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, akasikia kama ndiyo kwanza anamwona.

Siku ya safari waliamka kabla ya jogoo. Edmond alivaa koti lake la misa na shati jeupe, Rosine kitenge kipya cha rangi ya machungwa. Mpakani, watu walioizoea trisikle ikiwa imepakiwa waliishangaa ikiwa tupu.

"Edmond! Muzigo iko wapi leo?" mwanamke mmoja mwenye beseni la mboga akauliza.

"Leo hakuna muzigo. Leo unaona abiria!"

Kituoni Gisenyi, Mbarushimana alikuwa anawangoja aichukue trisikle akaitunze. Aliomba msamaha kwa mara nyingine, naye Edmond akamwambia anyamaze, kwa kuwa bila mdomo wake mrefu angepelekwa Kigali kama gunia la viazi. Basi likafunguliwa mlango. Kondakta alipomwona Edmond chini, yeye na abiria wawili wakamkimbilia, mikono imenyooshwa kumnyanyua. Rosine akaingia katikati yao.

"Asanteni sana, papa zangu," akasema kwa upole. "Mumwache. Njia anaijua."

Wakarudi nyuma, hawajui wafanye nini na mikono yao. Edmond akaupa mlango mgongo, akaweka viganja, akapanda. Alipofika juu, bibi mmoja aliyekaa mbele akaondoa mkoba wake, akapangusa kiti kwa mkono na kusema, "Karibu, baba." Hakusema zaidi ya hapo, na Rosine alimpenda kwa hilo.

Basi likaanza kupanda kilima. Edmond alikuwa dirishani, kidevu kimeegemea kioo. Kona ikaja, basi likapinda. Nyuma yake kulikuwa na mteremko mwingine, nyumba chache, na mama mmoja aliyekuwa anaanika shuka kwenye ua wa miti. Edmond akatazama, akapasuka kwa kicheko.

"Miaka yote ile, Rosine! Kumbe ni shuka!"

Lakini baada ya hapo hakucheka tena, kwa kuwa hakupata nafasi. Barabara iliwapandisha juu, na dunia ikafunguka. Mashamba ya viazi yamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka vileleni, ukungu umelala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na watu wanatembea pembeni ya barabara kwa mstari mmoja, majembe begani. Kisha volkano zikatokea, ndefu, za buluu. Edmond akamshika Rosine mkono.

"Tazama! Ni ile milima yetu. Sisi tunaiona uso, hawa wanaiona mugongo."

Karibu na adhuhuri basi lilishuka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, na Edmond alishuka nalo, ngazi kwa ngazi. Sibomana alikuwa amewangoja. Alikuwa mtu mfupi mwenye gongo moja na vidole vyenye grisi, na salamu yake ya kwanza ilikuwa kumpima Edmond mikono kwa macho. "Nilikosea kidogo," akasema. "Ni mirefu kuliko alivyoniambia ndugu yangu." Akawaingiza kwenye teksi, ikawapandisha mjini, na pale juu, mbele ya kibanda chake cha kazi, trisikle ya kijani ilikuwa imesimama, nyembamba, inang'aa. Sibomana akasogeza mpini kwa spana, akaipima breki mara mbili. Edmond akakaa, akauzungusha mpini, na trisikle ikaruka mbele hata akashtuka.

"Mama yangu! Hii kitu haina uzito!"

"Ni weye uliyezoea kuvuta dunia," Sibomana akamwambia.

Katikati ya mji kuna barabara waliyoifungia magari ili watu watembee. Pana, imetandikwa mawe yaliyolingana, ina miti na viti vya kukalia. Edmond alipofika pale alisimama, akainama, akapitisha kiganja chini. Mtu aliyezoea mawe ya Mapendo, ambayo hula tairi kama mbwa anavyokula mfupa, alipapasa ile sakafu polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani kabla ya kukinunua. Halafu akaenda. Akaenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi, akaenda tena, upepo umejaza koti lake. Hapakuwa na mtu wa kumpigia kelele apishe njia. Njia ilikuwa yake.

Rosine alimfuata kwa miguu, akicheka, akichoka, akicheka. Majengo ya vioo yalikuwa yanawaka kwa jua. Wanawake wenye fagio ndefu walikuwa wanafagia mahali ambapo yeye hakuona taka yoyote. Alipomkuta Edmond, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa duka kubwa. Pembeni ya ngazi za lile duka palikuwa na kijia cha saruji kilichoinuka taratibu mpaka mlangoni, na chuma cha kushikilia. Edmond alikuwa anakitazama tu.

"Nani aliwaambia nakuja?" akauliza kwa sauti ndogo.

Akapanda kile kijia, akaingia dukani, akatoka, akashuka. Hakununua kitu. Akapanda tena.

Walikula brosheti na ndizi kwenye mkahawa aliouchagua Sibomana, na Edmond akamuuliza maswali mpaka nyama ikapoa: nani anaamuru vijia vijengwe, mtu akivunjikiwa na trisikle usiku anamwita nani, watoto wenye ulemavu wanasoma na wenzao? Sibomana alijibu bila kupamba. Alisema kuna mitaa mingi isiyo na kijia hata kimoja, na milima ni milima. "Lakini tunasema, na mara nyingine tunasikiwa," akasema. Edmond akaitikia kwa kichwa, na Rosine akaona kwamba neno hilo nalo analitafuna.

Saa ya kurudi ilifika. Sibomana akataka kuita teksi. Edmond alikuwa anaitazama barabara inayotoka mjini kwenda Nyabugogo. Yote ni mteremko, laini, imepinda kama nyoka aliyelala juani.

"Breki zinashika?"

"Nimezifunga kwa mikono yangu."

"Basi nitashuka mwenyewe."

Rosine alifungua mdomo. Neno *hapana* lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza, likampita kooni kama mwiba wa samaki. "Unaona utaweza?" akauliza.

"Naona."

"Basi nakufuata nyuma."

Rosine akapanda moto ya abiria, akafungwa kofia ya chuma, Sibomana akapanda nyingine. Kabla Edmond hajaanza, polisi mmoja wa barabarani, mwanamke kijana, alinyoosha mkono kumsimamisha. Akamuuliza kwa Kinyarwanda anatoka wapi na anakwenda wapi, na Edmond, aliyeikuta lugha hiyo Masisi na kuinoa mpakani, akamjibu yote. Polisi akachuchumaa, akabana breki kwa mkono wake, ya kushoto, ya kulia. Akasimama. Akamwambia akae pembeni kabisa mwa barabara, asikimbie, na zile moto mbili zikae nyuma yake na kuwasha taa. Kisha akayasimamisha magari, akampa njia.

Edmond akaachia.

Mwanzoni alienda kwa woga, breki, breki. Halafu Rosine aliona mabega yake yakilegea. Trisikle ikashika mwendo, ikaingia kona ya kwanza imeinama kidogo, ikatoka. Yeye aliyefahamu kila mlima kwa jasho la kuupanda, sasa mlima ulikuwa unamfanyia kazi. Mikono yake, ambayo maisha yote ilikuwa inavuta, ilikuwa imetulia juu ya breki, inagusa na kuachia, inagusa na kuachia. Watoto wa shule wakampungia. Akawapungia kwa mkono mmoja, na Rosine akapiga yowe ndani ya kofia. "Huyu mzee wako ni dereva!" mwenye moto akasema kwa kicheko. Kona nyingine. Koti likavimba kama puto. Na hapo, juu ya kelele za moto, Rosine akasikia kitu alichokijua: Edmond alikuwa anaimba.

Kule Nyabugogo, Edmond alisimama taratibu kando ya ukuta. Viganja vilikuwa vimepata moto, akavipulizia. Uso wake ulikuwa umelowa, na Rosine hakuuliza kama ni upepo au ni machozi, maana yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Sibomana akampa mkono, wakashikana kwa muda mrefu, mafundi wawili.

Kwenye basi la kurudi kondakta hakuwajua, naye akakimbilia kunyanyua, na safari hii Edmond mwenyewe alimwambia, "Subiri uone," akapanda. Walipokaa, basi lilipotoka kituoni na kuanza kupanda, akamgeukia mkewe.

"Sasa sema. Mji umeuonaje?"

Rosine akafikiri. Akatafuta mji kichwani, hakuukuta. "Sikuuona," akasema.

"Juu ya nini?"

"Nilikuwa nakutazama weye tu."

Edmond akavuta ule mto wa kitenge, akauweka nyuma ya kichwa cha mkewe, akaanza kumsimulia. Alianza na ile sakafu ya mawe, jinsi ilivyokuwa ya baridi kwenye kivuli na ya moto juani. Akaja kwenye vioo, na ndege aliyejiona ndani ya kioo akapigana naye. Akaja kwenye barabara ya mteremko, kila kona na mti wake, na harufu ya mkate mahali fulani katikati. Basi lilipanda milima, jua likashuka upande wa Kongo, na katika masimulizi yake Edmond alikuwa bado hajafika Nyabugogo.

"Endelea," Rosine akasema, macho ameyafumba. "Baada ya harufu ya mkate?"